Bahati nasibu, gridi, matabaka au mistari: nukta za sampuli uziweke wapi unapotabiri makazi ya bahari?

Una picha ya setilaiti ya ghuba, una boti ya kukodi kwa siku sita, na umetakiwa utoe ramani ya makazi: wapi pana nyasi bahari, wapi matumbawe, wapi mchanga mtupu, wapi tope. Sehemu usizozifikia zitajazwa na modeli, yaani programu ya kompyuta inayojifunza kwa nukta ulizopima kisha inakisia palipobaki. Lakini modeli haijui lolote la chini ya maji zaidi ya ulichoiletea, na hapo ndipo watu hukwama. Mafuta yanatosha nukta 200 za kushushia kamera. Ziwekwe wapi?

Nitalinganisha njia tano. Mfano wangu ni Ghuba ya Chwaka, mashariki ya Unguja, kwa sababu ina kila kitu mahali pamoja: mikoko upande wa kusini, nyasi bahari za aina nyingi katikati, mashamba ya mwani, michanga inayohama, na mwamba unaoikinga na bahari kuu. Maji yakijaa wakati wa bamvua (siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji yanapojaa na kupwa kuliko siku nyingine) ghuba ina kama kilomita za mraba 50. Yakipwa hubaki kama 20. Aliye Gazi au Mida huko Kenya, au Mafia, abadilishe majina tu.

## Vigezo kabla ya njia

Cha kwanza ni swali lenyewe. "Nyasi zimefunika eneo kiasi gani?" ni swali la hesabu ya eneo. "Zinaota wapi, na kwa nini hapo?" ni swali la modeli. "Zimepungua tangu mwaka juzi?" ni swali la ufuatiliaji. Njia inayojibu vizuri la kwanza inaweza kulijibu vibaya la tatu, na mtu asiyejua anauliza lipi atachagua njia kwa mazoea ya ofisi yake.

Cha pili ni bahari: mafuta, mkondo na saa za maji. Unguja, tofauti ya kupwa na kujaa hukaribia mita 4 siku za bamvua na hushuka hadi kama mita 1 siku za maji mafu, katikati ya bamvua mbili. Nukta uliyoifikia kwa miguu saa nne asubuhi inaweza kuwa na maji ya kukupita kichwa saa kumi alasiri.

Cha tatu ni makazi adimu. Karibu kila ghuba ina kitu kidogo ambacho ndicho watu wanachokitaka: vichaka vya matumbawe ndani ya nyasi, ukanda mwembamba wa nyasi bahari aina ya Thalassodendron ciliatum kandokando ya mwamba, au kipande cha nyasi aina ya Zostera capensis kwenye tope. Njia itakipata, au itakipita?

Cha nne ni ujirani. Nukta mbili zilizo mita chache hufanana, kwa hiyo ya pili haikuongezei habari nyingi. Cha tano ni uhakiki: je, nukta hizi zinaweza kuijaribu ramani kwa haki, au zitaisifia tu?

Kuna jambo moja la picha ambalo sioni likizungumzwa vya kutosha. Setilaiti ya Sentinel-2, ambayo wengi wetu tunaitumia kwa kuwa picha zake ni za bure na pikseli zake (vipande vidogo vinavyounda picha) ni za mita 10, hupita kwetu kati ya saa nne na nusu na saa tano asubuhi. Unguja, siku za bamvua maji hupwa karibu na saa hizo hizo. Kwa hiyo picha ya bamvua itakuonyesha ghuba iliyokauka, na ya maji mafu itakuonyesha ghuba yenye maji. Hakuna iliyo mbaya, ila nyasi zilizolala juu ya mchanga mkavu hazina rangi sawa na nyasi zilezile chini ya mita 2 za maji. Chagua picha kwanza, ujue ilikuwa siku gani ya mwezi, ndipo upange nukta.

## Bahati nasibu ya kawaida

Kompyuta inarusha nukta 200 ndani ya mpaka wa ghuba, kila mahali pakiwa na nafasi sawa ya kuangukiwa.

Baharini. Nahodha hataipenda. Nukta saba zitarundikana pamoja, halafu kilomita mbili hakuna kitu, halafu moja peke yake nyuma ya mwamba. Boti inakwenda mshazari kutwa nzima, na sehemu ya mafuta unayalipia kupita juu ya maji usiyoyapima.

Makazi adimu. Hapa hesabu ni nyepesi. Matumbawe yakiwa asilimia 2 ya ghuba, nukta 200 zitayagusa mara 4 kwa wastani. Ukipunguza hadi nukta 100, kuna uwezekano wa asilimia 13 kuwa hutagusa hata tumbawe moja. Kwa nukta 50 unapanda hadi asilimia 36. Modeli haiwezi kutabiri kitu ambacho haijaonyeshwa.

Modeli na uhakiki. Kwa kuifundisha modeli ni njia ya wastani. Kwa kuihakiki, haina wa kuitilia shaka: asilimia ya nukta zilizopatia ndiyo kadirio la asilimia ya ramani iliyopatia, bila marekebisho yoyote.

Inamfaa mwenye eneo dogo, au mwenye ramani tayari anayetaka kuijaribu kwa nukta mpya.

## Gridi

Unaweka nukta kwa umbali sawa kama mashimo ya bao. Katika kilomita za mraba 50, umbali wa kilomita 1 hukupa nukta 50, mita 500 hukupa 200, mita 250 hukupa 800. Kila ukikata umbali nusu, kazi inakuwa mara nne. Waombaji wa fedha husahau hili, wafadhili hawalisahau.

Baharini. Ndiyo rahisi kuliko zote. Unashika mwelekeo mmoja, unasimama kila baada ya dakika kadhaa, unageuka, unarudi. Hata GPS ikizima betri, nahodha anajua inayofuata iko wapi.

Makazi adimu. Gridi ina upofu wake. Ukanda wa nyasi wenye upana wa mita 100 ukienda sambamba na mistari ya gridi ya mita 500, unaweza kukaa katikati ya mistari miwili kuanzia mwanzo hadi mwisho usiguswe. Bahari yetu imejaa vitu vinavyokwenda sambamba na pwani: mwamba, mikondo, matuta ya mchanga, mashamba ya mwani. Dawa ni mbili: uanzie mahali palipochaguliwa kwa bahati nasibu, na uizungushe gridi kidogo ili isilale sambamba na ufuo.

Modeli na uhakiki. Inaenea vizuri, kwa hiyo modeli inaona pembe zote. Ila haikupi jozi za nukta zilizo karibu, na bila hizo huwezi kujua makazi hubadilika baada ya mita ngapi. Ongeza jozi kumi au kumi na tano za mita 20 hadi 50 hapa na pale. Kwa uhakiki inakubalika kama mwanzo wake ulikuwa wa nasibu.

Inamfaa anayechora ramani ya kwanza ya mahali asipopajua, na timu yenye wageni wengi kwenye boti.

## Matabaka

Hii ndiyo ninayoitumia mara nyingi, na ndiyo iliyoniaibisha zaidi.

Unaigawa ghuba kwanza kwa kitu unachokijua: kina, umbali toka mwamba, au rangi kwenye picha ya setilaiti. Halafu ndani ya kila tabaka unarusha nukta kwa bahati nasibu. Tabaka dogo unaweza kulipa nukta nyingi kuliko ukubwa wake unavyostahili.

Baharini. Kati kwa kati. Tabaka la maji machache unalifanya kwa miguu siku za bamvua pamoja na kina mama wanaokwenda pwani. La kina unalifanya kwa boti siku za maji mafu, mkondo ukiwa mpole. Hiyo peke yake inatosha kuipendelea, maana inakuwezesha kuipanga kazi kwa kalenda ya mwezi badala ya kushindana nayo.

Makazi adimu. Haina mpinzani, ili mradi adimu hao wanaonekana katika kitu ulichogawia. Ukigawa kwa kina na adimu wako hafuati kina, hujafanya lolote.

Na hapa nieleze aibu yangu. Tuligawa kwa rangi. Kompyuta ilitenga tabaka la "kijani kilichoiva" karibu na ufuo, tukaliita nyasi bahari nene, tukalipa nukta 40. Asubuhi tunaikaribia nukta ya kwanza, mzee aliyeshika usukani akapunguza mashine, akatazama majini, akauliza, "Hapa mnatafuta nini?" Nikamwambia majani. Akacheka: "Hayo si majani, mwanangu. Huo mwani wa kina mama." Chini yetu kulikuwa na vijiti vimesimama safu kwa safu, kamba zimevutwa, mwani umefungwa vishada. Mwani umelimwa kibiashara pwani hii ya mashariki tangu 1989, na kwenye pikseli ya mita 10 shamba lililokomaa na nyasi bahari ni pacha. Nukta 11 kati ya zile 40 zilikuwa ndani ya mashamba. Tangu siku hiyo matabaka yangu hayaendi baharini kabla ya kuwekwa mezani mbele ya mvuvi mmoja na mama mmoja wa mwani. Inachukua saa moja na chai.

Modeli na uhakiki. Kosa la kawaida ni kusahau uzani, yaani kulihesabu kila tabaka kulingana na ukubwa wa eneo lake. Tuseme tabaka la maji machache lina kilomita za mraba 5 na tabaka la maji ya kina lina 30, na umeshusha kamera mara 40 kila upande. Kwenye maji machache umekuta nyasi mara 36, kwenye kina mara 10. Ukijumlisha hivyo hivyo, 46 kati ya 80, utatangaza kuwa nyasi zimefunika karibu asilimia 58. Sasa pima kwa ukubwa: asilimia 90 ya 5 ni 4.5, asilimia 25 ya 30 ni 7.5, jumla 12 kati ya 35. Ni asilimia 34. Data ni zile zile, na tofauti hiyo inaweza kubadili mpango mzima wa uhifadhi.

Modeli nayo, ikilishwa adimu kwa wingi, huanza kuwaona hata wasipokuwapo. Ihesabie uzani, au angalau uwaambie watakaoisoma ramani.

Inamfaa mwenye picha nzuri au ramani ya kuaminika ya vina vya maji, anayejali makazi madogo, na aliye tayari kufanya hesabu za uzani bila kuzikimbia.

## Mistari

Unavuta kamba kutoka ufukweni kuelekea mwamba, au unamburuza mpiga mbizi nyuma ya boti kwa dakika mbili mbili, ukiandika unachokiona njiani.

Baharini. Kwa kila lita ya mafuta hakuna inayokupa uchunguzi mwingi zaidi. Na mstari ukikata ufuo, unapita kwenye mabadiliko yote kwa mpangilio wake. Kwenye mikoko hili huonekana wazi: upande wa bahari mililana imesimama ndani ya maji, nyuma yake mikoko yenyewe, kisha mikandaa, na michu imejitokeza kwenye ardhi ya juu yenye chumvi.

Makazi adimu. Inategemea. Vipande vilivyotapakaa huvipata. Kitu kilicho kona moja ya ghuba hukikosa, kama hukupeleka mstari kona hiyo.

Modeli na uhakiki. Hapa ndipo watu hujidanganya. Chukua utaratibu wa Seagrass-Watch: mistari mitatu ya mita 50, mita 25 baina yao, na fremu ya sentimita 50 kwa 50 kila baada ya mita 5. Unarudi nyumbani na fremu 33, unafurahi. Lakini eneo lote hilo ni mita 50 kwa 50, yaani pikseli 25 tu za Sentinel-2, na kila mstari umepita juu ya pikseli tano au sita. Mbele ya modeli huna ushahidi wa sehemu 33. Una ushahidi wa sehemu moja, ulioangaliwa kwa makini. Utaratibu wenyewe hauna kosa, ulibuniwa kufuatilia mahali pamoja mwaka hadi mwaka, na kwa hilo ni mzuri sana.

Balaa huja mtu anapozichanganya fremu hizo, akatoa theluthi moja kwa bahati nasibu iwe ya uhakiki. Kila fremu ya mtihani ina jirani yake mita 5 pembeni ndani ya darasa. Modeli inapasi kwa kukariri. Kata kwa mistari mizima au kwa vipande vya ghuba: fundisha kwa upande wa Uroa, jaribu upande wa Michamvi. Asilimia itashuka, na hiyo iliyoshuka ndiyo ya kweli.

Inamfaa anayefuatilia mabadiliko, anayechunguza mpangilio wa makazi toka nchi kavu hadi kilindini, na vikundi vya vijiji vitakavyorudia kazi wenyewe bila mtaalamu.

## Nukta zilizotawanywa kwa uwiano

Mwaka 2004 Don Stevens na Anthony Olsen walichapisha njia iliyotokana na kazi ya kufuatilia maji Marekani. Kompyuta inaikata ramani robo nne, kila robo inaikata nne tena, na kuendelea. Inachanganya mpangilio wa robo hizo, kisha inazipanga zote katika mstari mmoja mrefu na kuchukua nukta kila baada ya hatua sawa. Matokeo yake ni nasibu, lakini hazirundikani. Kifurushi cha spsurvey katika R, programu ya takwimu, kinafanya hivyo bure.

Baharini. Njia ya boti si nyoofu kama ya gridi. Faida yake ni orodha: nukta zimepewa namba, na ukizifanya kwa kufuata namba, popote utakapokatishwa ulichopata bado kimetapakaa ghuba nzima. Kusi likivuma siku ya tatu ukarudi na nukta 90 badala ya 200, gridi ingekuachia nusu ya ghuba tupu. Na nukta ikiangukia mahali pasipofikika, unachukua ya akiba inayofuata kwenye orodha. Bila shaka kufuata namba kikamilifu kunakula mafuta, kwa hiyo mimi huzichukua ishirini ishirini na ndani ya kila ishirini nafuata njia fupi.

Makazi adimu. Yenyewe haiyasaidii sana. Iweke ndani ya matabaka, ndipo inapong'aa.

Modeli na uhakiki. Nzuri pande zote mbili, ila kadirio la kosa lina fomula yake, si ile ya kitabu cha takwimu cha mwaka wa kwanza.

Inamfaa mwenye mtu anayeweza R, na yeyote asiyeiamini hali ya hewa.

## Ukiwa katika hali hii

Siku mbili tu za boti, mahali papya, hakuna ramani ya vina vya maji: fanya gridi pana iliyozungushwa, na hifadhi nukta chache za kurudia palipokushangaza.

Unataka eneo la nyasi kwa hesabu ya kaboni, na namba itakaguliwa: tumia matabaka yenye nukta zilizotawanywa ndani yake kwa kuifundisha modeli, kisha seti ya pili ya kuhakiki inayochaguliwa ramani ikishatoka. Wachora ramani wamezoea angalau nukta 50 kwa kila aina ya makazi katika seti hiyo. Bajeti isiporuhusu, punguza idadi ya makazi unayoyatenganisha kabla ya kupunguza nukta.

Kamati ya kijiji inataka kujua kama nyasi zinarudi baada ya kufunga eneo: mistari ya kudumu, vigingi vilivyopigwa, siku ile ile ya mwezi kila mara. Ramani ya modeli inaweza kusubiri.

Maji ni machafu, kama mbele ya delta ya Rufiji: setilaiti haioni chini, kwa hiyo usigawe kwa rangi. Gawa kwa kina ulichokipima mwenyewe, hata kama ni kwa bildi na kamba, na ongeza nukta.

Umerithi data za zamani zilizokusanywa palipokuwa rahisi kufika, karibu na bandari na hoteli: zitumie kufundishia modeli, usizitumie kuihakiki, na nukta zako mpya zipeleke kule ambako hakuna aliyewahi kutia nanga.

Na kama GPS yako ni ya mkononi, yenye kosa la mita 3 hadi 5, usihesabu nukta iliyo kwenye mpaka wa nyasi na mchanga. Ingia ndani ya kipande hadi makazi yafanane kwa mita 15 hivi kila upande, andika namba za GPS kamera inapogusa chini wala si boti inaposimama, maana mkondo ukishika, katikati ya hayo mawili boti imekwisha hamia pikseli nyingine.